Gemu Ikulazimishe Hadi Wapi?

Mwezi Juni 2021 shaba iliingia katika Minecraft, na kwa miaka kadhaa wachezaji hawakujua waifanyie nini. Ilikuwa tele chini ya ardhi, ikajaza masanduku ya watu, lakini kazi zake zilikuwa za kuhesabu kwa vidole: kinga ya radi, darubini, na matofali ya mapambo ambayo rangi yake hugeuka taratibu kuwa kijani, kijani kile kile cha malakiti. Mtu wa Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, akiambiwa kuna dunia ambayo shaba haina kazi, atacheka. Mji wake ulizaliwa na Union Minière du Haut-Katanga kwa ajili ya shaba, Gécamines, kampuni ya serikali, ikaurithi kampuni hiyo ilipotaifishwa, na leo malori ya shaba na kobalti yanatimua vumbi mchana na usiku katika barabara ya kwenda Likasi na Lubumbashi.

Mojang, kampuni inayotengeneza Minecraft, ilikuwa na njia mbili za kuiokoa shaba yake. Ya kwanza ni kufunga mlango: bila kuchimba shaba huwezi kufikia chuma, bila chuma huwezi kufikia almasi. Ni njia rahisi na watengenezaji wengi huipenda. Ya pili ni kuifanya shaba iwe na faida. Walichagua ya pili. Septemba 2025 walitoa nyongeza iliyoitwa The Copper Age, yenye zana za shaba, mavazi ya vita ya shaba, masanduku, na kijisanamu cha shaba kinachompangia mchezaji mizigo yake. Asiyeitaka shaba anaipita hadi leo na hakuna anayemdai. Anayeanza maisha na shoka la jiwe, kabla hajapata chuma, anaichukua kwa sababu inamfaa.

Kisa hiki kinagusa swali ambalo wabunifu wa gemu na wachezaji wamegombania kwa muda mrefu. Gemu kubwa ya siku hizi ina mbinu nyingi: kukwepa, kupangua, kutengeneza silaha, kuchanganya dawa, kuruka na ndege, kupiga chenga za kila namna. Je, imsukume mchezaji mpaka azimudu zote, au imwache aokote anazozipenda na kuzipa kisogo zilizobaki?

Wanaotaka kusukuma wana hoja nzito. Soren Johnson, aliyeongoza ubunifu wa Civilization IV ya mwaka 2005, ameeleza tabia ambayo kila mchezaji ataitambua: ukimwachia mtu nafasi, atatafuta njia moja ya uhakika ya kushinda, ataing'ang'ania hata ikimchosha, na mwisho wake ataitupia gemu lawama kwamba haina ladha. Mbunifu aliyetumia miaka minne kutengeneza silaha kumi anamwona mchezaji akitumia bunduki moja tangu mwanzo hadi mwisho, na anayo haki ya kuumia. Wa upande wa pili wanajibu kwa kifupi kwamba mchezo ni hiari. Kinacholazimishwa kina jina lake, kazi.

Mimi naona pande zote mbili zimeruka swali linalotangulia. Kila mbinu mpya hujifunzwa kwa kukosea, na kila kosa lina bei. Nani anailipa? Kijana wa Ulaya aliyenunua gemu yake, akaiweka katika mashine yake, sebuleni kwao, hukosea mara hamsini usiku mmoja bila kutoa senti zaidi. Ndiyo maana mjadala huu, unapoendeshwa na watu wa aina yake, hubaki mjadala wa ladha. Ukihamishiwa Lualaba, mkoa wa Kolwezi, unageuka mjadala wa pesa.

Katika komini za Dilala na Manika, kama ilivyo katika miji mingi ya Kongo na ya Afrika Mashariki, watoto wengi hawana mashine nyumbani. Wanakwenda kwa mtu mwenye chumba, runinga mbili tatu na PlayStation ya kizazi kilichopita, wanalipa kwa mechi au kwa dakika, na nyuma yao wamesimama wengine wanaosubiri manete, yaani pedi za kuchezea. Umeme nao una hadithi yake. Laini kubwa ya Inga–Shaba, yenye urefu wa karibu kilomita 1,700 kutoka kwenye maporomoko ya Inga karibu na Atlantiki, inaishia Kolwezi, na mto Lualaba wenyewe una vituo vya Nzilo na Nseke jirani na mji. Pamoja na hayo yote taa za mitaani huzimika, mwenye chumba anawasha jenereta, na bei ya petroli inaingia katika bei ya mechi.

Sasa iweke gemu inayopenda kufundisha ndani ya chumba hicho. Inafungua kwa dakika ishirini za maelezo, kwa Kiingereza au kwa Kifaransa cha kitabuni: bonyeza hiki, shikilia kile, rudia, umekosea, rudia tena. Mtoto amelipa. Dakika zinahesabiwa. Waliosimama nyuma wanapiga kelele kwamba amekalia kiti bure. Hata akivumilia, kesho atakuta mwingine amefuta alichohifadhi, na somo litaanza upya. Sishangai hata kidogo kwamba vyumba vya namna hii vimetawaliwa na mpira wa miguu na ngumi. Watu husema ni kwa sababu Waafrika wanapenda mpira, na ni kweli tunaupenda. Lakini mechi ina mwanzo na mwisho, inachezwa na wawili wanaogawana gharama, na haimzuii mgeni mlangoni. Gemu ndefu za hadithi, hata ziwe nzuri vipi, hazijaundwa kwa mtu anayelipa kwa dakika.

Kuna moja iliyopenya hata hivyo, Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004. Nadhani hakuna gemu ya hadithi iliyozunguka zaidi katika miji yetu kuliko hiyo, kwanza katika PlayStation 2, halafu katika kompyuta, na kuanzia mwisho wa 2013 katika simu. Yeyote aliyeicheza kwa nia ya kuimaliza anakumbuka shule ya urubani. Unafika jangwani, hadithi imenoga, kisha gemu inakusimamisha: hutaendelea mpaka ufaulu mitihani kumi. Kuruka, kutua, kuzunguka uwanja, helikopta, kulenga shabaha, kubiringika angani, na mwisho kushuka kwa parachuti. Wengi waliishia hapo. Wengine waliazima mkono wa rafiki aliyeweza, wengine wakatumia misimbo ya siri, na wengi zaidi wakaamua kwamba gemu ni kuendesha gari mjini na kukimbizwa na polisi, wala hawakujisumbua na hadithi tena.

Tuitazame shule ile kwa haki. Ndege zinatumika baadaye katika misheni kadhaa, kwa hiyo Rockstar, watengenezaji wake, hawakuweka mtihani kwa kukomoa tu. Kosa lao ni mahali pengine. Mchezaji ametumia saa nyingi akijifunza gemu ya magari na bunduki, akaiva, na anapokaribia kuvuna anaambiwa aanze darasa la kwanza la fani nyingine ambayo hakuiomba. Kulazimisha kukija mwanzoni, mchezaji huamua mapema kama anaingia au haingii. Kukija katikati, tayari amekwisha kulipa.

Mpira nao umekuwa na ugomvi wake, na huu unavijua vyumba vya kuchezea vizuri zaidi. FIFA 12, iliyotoka mwaka 2011, ilibadilisha namna ya kukaba. Zamani ulishikilia kitufe kimoja, beki wako akamfuata mwenye mpira kama mbwa wa ulinzi mpaka akaunyakua. EA, watengenezaji wake, wakaleta ukabaji mpya: sharti umkaribie, uhesabu hatua, uchague mwenyewe wakati wa kuingiza mguu, ukikosea umepitwa. Ile ya zamani hawakuifuta, waliiacha katika mipangilio kwa wanaoihitaji. Matokeo yalitabirika. Waliokuwa na mashine nyumbani na mtandao wa kushindania walijifunza mpya, kwa kuwa huko ndiko ilikohesabiwa. Penye manete mbili na runinga moja ilikuwa hiari ya waliokaa mbele ya runinga, na mtu anayelipa kwa mechi ana sababu nzuri ya kurudisha mipangilio ya zamani kabla ya kuanza.

Wajuzi hukuita huko kukwepa somo. Mimi naona ni hesabu sahihi. Ukabaji mpya ulihitaji mechi nyingi za kufungwa kabla mtu hajaiva, na kufungwa penye desturi ya anayeshindwa kulipa si somo tu. Kwa upande mwingine siwezi kukana kwamba aliyejifunza mbinu ile alicheza mpira ulio bora zaidi. Mechi za kitufe kimoja zinafanana zote. Ninachosema ni kwamba EA walifanya vizuri kuacha milango yote miwili wazi, na kuufanya ule mpya kuwa na maana pale ambapo ustadi ulikuwa unapimwa.

Upande wa ngumi kuna Eddy Gordo. Mbrazili huyu wa kapoeira aliingia katika Tekken 3, iliyofika PlayStation mwaka 1998, na tangu siku hiyo ameharibu urafiki mwingi. Mtoto ambaye hajawahi kushika manete anaweza kumchagua Eddy, akapigapiga vitufe viwili vya mateke bila mpango, na akamwangusha mtu aliyefanya mazoezi mwezi mzima. Wajuzi wanamchukia. Wenye vyumba, kama wana akili ya biashara, wanapaswa kumpenda, kwa sababu ndiye anayemfanya mgeni arudi kesho. Na mjuzi wa kweli hashindwi na Eddy mara ya tatu. Anajifunza kukinga chini, anasubiri, anaadhibu. Hapo ndipo Tekken ilipokuwa na busara kuliko wakosoaji wake. Haikumlazimisha mgeni ajifunze kitu, ila ilimpa mpinzani wake sababu ya kujifunza. Msukumo ulitoka kwa binadamu aliyeketi pembeni, si kwa mashine.

Wafikao juu katika Tekken hawakusukumwa na somo lolote la ndani ya gemu. Kenya ina Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la QueenArrow, aliyepata usajili wa timu ya nje kwa sababu ya gemu hiyo hiyo. Mtu wa namna hiyo hujisukuma mwenyewe, na gemu inachotakiwa kufanya ni kumwekea mahali pa kufanyia mazoezi na kutomzuia. Watengenezaji wenyewe wameelekea huko. Street Fighter 6 ya mwaka 2023 ina namna rahisi ya kutoa mapigo makubwa kwa kitufe kimoja, na pigo lililotolewa hivyo hupungua nguvu kidogo. Tekken 8 ya mwaka 2024 nayo inamruhusu mchezaji kuwasha msaada na kuuzima katikati ya pambano. Wanaotaka kujua kila kitu wanapata faida ya kujua, na wasiotaka wanacheza.

Mpaka hapa ningeonekana kama wakili wa uvivu. Kuna gemu ambazo kulazimisha ndiko kulikozifanya ziwe bora, na mbili zinastahili kuangaliwa kwa makini.

Sekiro, iliyotengenezwa na FromSoftware ya Japani chini ya Hidetaka Miyazaki na kutoka mwaka 2019, inakupa upanga mmoja na inakutaka ujue jambo moja: kupangua pigo la adui kwa wakati wake halisi, tena na tena, hadi mizani yake ivunjike. Huwezi kujificha nyuma ya ngao, huwezi kujaza nguvu mpaka adui awe mdogo, hakuna kiwango chepesi cha kuchagua. Usipoimudu mbinu hiyo, adui aitwaye Genichiro atakurudisha nyuma mpaka uchoke. Lakini ukishaimudu, kila pambano linalofuata linakuwa muziki ambao mikono yako inaujua. Gemu inakulazimisha kwa sababu haina kitu kingine cha kukupa. Ukiondoa kupangua, hakuna Sekiro. Ilishinda tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards za 2019, na kufikia 2023 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 10.

Doom Eternal ya mwaka 2020 ni kesi ngumu zaidi. Hapa id Software walichukua gemu ya kufyatua risasi na kuigeuza mtihani wa kila kitu kwa wakati mmoja. Risasi ni chache makusudi. Ukitaka risasi, umkate adui kwa msumeno. Ukitaka afya, umuue kwa mikono. Ukitaka ngao ya mwili, umchome kwanza kwa moto. Yupo adui anayeitwa Marauder ambaye hapigiki ila katika nukta ile macho yake yanapong'aa kijani. Wapo walioipenda kuliko gemu zote, wakasema hatimaye mtu amewatoa katika usingizi wa bunduki moja. Wapo waliosema wameajiriwa bila mshahara. Nikilazimishwa kuhukumu, nasema ule mzunguko wa risasi, afya na ngao ulikuwa wa haki, kwani ulizaa mwendo wa kasi ambao ndio roho ya gemu, na kila kipande kilimpa mchezaji kitu mkononi papo hapo. Marauder hakuwa wa haki kwa kiwango hicho. Alisimamisha mwendo ule ule ambao gemu ilikuwa imeufundisha kwa saa kadhaa, akadai utaratibu wake mwenyewe. Na inafaa kutazama walichofanya watengenezaji hao hao miaka mitano baadaye: katika Doom: The Dark Ages, ya mwaka 2025, waliweka vidhibiti ambavyo mchezaji anavivuta mwenyewe kuongeza au kupunguza kasi ya gemu na upana wa nafasi ya kupangua.

FromSoftware nao hawakubaki palepale. Elden Ring ya mwaka 2022, kazi ya Miyazaki pia, ina vita vikali kama vya zamani, lakini ukikwama kwa adui mmoja dunia nzima iko wazi: nenda kwingine, jifunze uchawi, ita mzimu akusaidie, rudi ukiwa na nguvu. Ndani ya mwaka mmoja ilipita nakala milioni 20. Sisemi mauzo ni hukumu ya sanaa. Nasema mbunifu mmoja, katika miaka mitatu, aliona kwamba gemu yenye moyo mmoja ina haki ya kulazimisha, na gemu yenye mioyo kumi haina.

Jambo hili wazee wetu waliligundua kwenye ubao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni, sita zikiwa katika nyumba, lile shimo lake kuu, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Sheria yake kubwa ni ya lazima: ukiwa na la kula, sharti ule, hata kama kula huko kutakuponza. Hapo hapo kuna hiari: katika kunamua, ukifika katika nyumba yako unaweza kulala au kusafiri, na uamuzi huo mmoja unaweza kugeuza mchezo mzima. Lazima imewekwa pale ambapo bila yake hakuna bao, hiari imewekwa pale ambapo akili hupimwa. Dama inayochezwa kwa vifuniko vya chupa katika mitaa ya Kolwezi inashika kanuni hiyo hiyo ya kula kwa lazima, na kisolo cha Waluba ni ndugu wa bao, chenye mashimo na kete vile vile.

Bao lina jambo jingine ambalo gemu za kisasa zimelipoteza. Anayejifunza hawekwi darasani. Anaketi barazani, anatazama, anasikia watazamaji wakibishana kwa sauti, anapewa bao la kujifunza ambalo sheria zake ni nyepesi, na siku moja mzee mmoja hayupo, anaambiwa akae. Makosa yake ya kwanza ameyafanya machoni tu, bila kugusa kete. Alex de Voogt, mtaalamu wa Kiholanzi aliyeandika mwaka 1995 kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar, alikuta watu wanaofanya hesabu za kichwani ambazo zingemtisha mchezaji wa sataranji. Hakuna aliyewasukuma kwa mitihani kumi ya jangwani.

Chumba cha kuchezea, kwa bahati, ni baraza pia. Wanaosubiri manete nyuma wanajifunza bure. Hili halionekani katika mijadala ya wabunifu wa Marekani na Japani, ambao humfikiria mchezaji akiwa peke yake. Huku kwetu sehemu kubwa ya ufundi wa gemu hupitishwa kwa macho na kwa mdomo, kwa Kiswahili, na aliyekwisha kufungwa ndiye mwalimu. Gemu inayowanyamazisha watu hao kwa kumfungia mchezaji ndani ya somo lake inatupa shule iliyokuwepo tayari.

Nilitaja bei ya kukosea. Lualaba inalijua hilo kuliko mahali popote gemu zinapotengenezwa. Katika Minecraft wachezaji hupeana onyo la kwanza: usichimbe chini ya miguu yako. Gemu yenyewe haikukatazi. Unachimba, unaangukia katika moto wa volkano, unakufa, unaamka kitandani kwako na somo umelipata. Katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba kwake akakuta mawe ya kobalti, na muda si mrefu mtaa mzima ukawa mashimo yaliyofunikwa kwa turubai za rangi ya machungwa, mengine yakishuka wima kutoka ndani ya nyumba. Mwaka 2017 sehemu yake ilizungushiwa uzio. Waliofukiwa humo hawakuamka kitandani. Kufundisha kwa kifo ni ufundi mzuri wa gemu kwa sababu moja tu, kwamba kifo chake hakina gharama.

Kwa sababu hiyo hiyo kuna programu moja inayofanana na gemu ambayo nataka imlazimishe mtumiaji wake kila kitu, bila huruma. Katika migodi mikubwa ya wazi duniani, dereva wa lori la kubeba tani mia na zaidi huwekwa kwanza katika simuleta: usukani halisi, viti vinavyotikisika, kioo chenye picha ya mgodi. Breki zinakatika kwenye mteremko, injini inashika moto, mvua inafuta barabara. Asipomudu hata jambo moja hapandi lori. Hakuna atakayelalamika kwamba raha imepungua. Kosa linafanywa pale ambapo ni bure ili lisifanywe pale ambapo ni roho ya mtu. Ukiuliza gemu ya burudani ina haki gani ya kuiga ukali huo, jibu ni kwamba haina, isipokuwa nayo iwe imeyafanya makosa kuwa bure kwa kweli.

Kuna lazima ya aina nyingine kabisa, na Kongo imo ndani yake. Septemba 2011 Paolo Pedercini, Mtaliano mwenye jina la kazi Molleindustria, alitoa gemu ndogo ya simu iitwayo Phone Story. Hatua ya kwanza ni mgodi wa koltani nchini Kongo. Mchezaji anaendesha askari, na kazi yake ni kuwatisha watoto waliochoka ili wasiache kuchimba. Ukikataa kuwatisha, umeshindwa, gemu haiendelei. Apple iliiondoa katika duka lake saa chache baada ya kutangazwa rasmi. Koltani ni ya mashariki zaidi, Kivu na jirani zake, lakini betri za lithiamu za simu, na za manete zisizo na waya, mara nyingi zina kobalti, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, nyingi yake Lualaba. Kwa hiyo mchezaji anafundishwa mbinu chafu akiwa amekishika mkononi kitu kilichozaliwa na uchafu wa namna hiyo. Hapa kulazimisha ndiyo hoja yenyewe. Mchezaji mwema ni yule anayeizima, na gemu ilitengenezwa ili akifika hapo ajue kwamba kuimudu ni kushiriki. Sijui gemu nyingine iliyotumia mlango uliofungwa kwa akili kiasi hicho.

Basi nitoe hukumu. Gemu ina haki ya kumlazimisha mchezaji jambo moja, lile ambalo bila hilo gemu haipo, na imwambie mapema, kabla hajatumia saa zake wala faranga zake. Mengine yote iyafanye yawe na faida, kisha imwache. Anayetaka kumaliza San Andreas bila kuwa rubani aruhusiwe, na anayetaka kuruka apewe ndege iliyo bora kwa kuruka vizuri. Mbinu ambayo hakuna anayeigusa pasipo kufungiwa mlango ina kasoro ya mbunifu, wala haifai kuhesabiwa kuwa uvivu wa mchezaji. Na anayetaka kufundisha afundishe kwa vitendo zaidi ya maandishi, kwa sababu maandishi yake mara chache sana huja kwa lugha ya mtoto wa Manika au wa Mwanza.

Kwa wenye vyumba vya kuchezea nina ombi moja. Saa za asubuhi za Jumamosi, kabla wateja hawajajaa, manete moja iwe ya mazoezi kwa nusu ya bei, bila mpinzani na bila kelele za nyuma. Mtoto akosee atakavyo. Mchana atalipa mechi kamili, na kuna uwezekano mkubwa atakulipa nyingi.